Kutembeza Kidole Juu ya Mishale

Ninyi mnaobaki katika idara ya hesabu mmeniomba niandike kabla sijasahau, nami nimekubali kwa sharti moja: nisiulizwe habari za vyeo. Habari za vyeo ziko ofisini, na hata huko karatasi zenyewe hazikubaliani. Nitaandika juu ya kazi, yaani kuchora: kwanza njia za chini ya migodi, baadaye makundi ya hesabu. Na nitaeleza habari ya Ngalula, ambayo ninyi mmeisikia nusu nusu kwenye korido, ili muijue ilivyokuwa.

Nilizaliwa Kampemba, mtaa mmoja wa mji huu wetu. Baba yangu alitoka kaskazini ya Katanga akiwa kijana, akapata kazi ya telegrafu kwenye stesheni ya reli. Alizoea kupeleka habari kwa maneno machache, na nyumbani pia alisema hivyo hivyo. Masista wa shule yangu walipomwambia kwamba binti yake ana mkono mzuri wa kuchora, alijibu, "Basi achore." Hayo ndiyo mashauri yote niliyopewa juu ya maisha yangu.

Nilianza katika ofisi ya ramani ya kampuni moja ya madini. Mkuu wa wachoraji alikuwa Papa Mwamba, mtu mfupi, kola yake imepigwa pasi kila siku kama ya mtu anayekwenda misani. Siku ya kwanza alinipa vitu vitatu: karatasi ile angavu tuliyoiita kalke, kalamu ya wino yenye ncha kama sindano, na wembe. Nikauliza wembe ni wa nini.

"Ni ya kukwangula makosa," akasema. "Hii wembe itaisha mbele ya wino. Utaona."

Nilidhani ananitania. Wembe uliisha kabla ya wino.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kunakili ramani ya njia za mgodini. Nilipomaliza nilijisikia vizuri sana, maana mistari ilikuwa myembamba na safi. Papa Mwamba hakutazama usafi. Aliweka kidole chake kwenye mlango wa mgodi, akaniuliza, "Niko wapi?"

"Ku mulango, Papa."

"Ninaenda kushoto. Niko wapi?"

Nikamjibu. Akaendelea hivyo, kidole chake kinatembea, mimi nataja mahali kinapopaswa kufika, mpaka kidole kikasimama mbele ya mstari ambao haukustahili kuwapo.

"Hapa ulifunga njia," akasema. "Bantu iko kule chini, banatafuta kutoka, na weye umebafungia mu kalke."

Hakuinua sauti. Nilitamani ainue. Nilichukua wembe nikakwangua, na machozi yalinitoka, nikawa naogopa yasidondoke juu ya karatasi.

Hiyo ndiyo desturi tuliyoiita kutembeza. Mmoja anachora, mwingine anatembeza kidole, na aliyechora anataja kwa mdomo mahali ambapo kidole kinapaswa kufika. Mdomo na kidole vikiachana, mchoro unarudi kwenye wembe. Aliyechora haruhusiwi kutembeza kazi yake mwenyewe, kwa sababu macho yake yanaona alichotaka kuchora. Mwisho, kwenye pembe ya karatasi, ziliandikwa herufi mbili: ya aliyechora, kisha ya aliyetembeza. Kukiwa na kosa, wote wawili wanaitwa.

Kampuni ilipopunguza watu, ofisi ya ramani ilifungwa. Papa Mwamba alihamia Mokambo kwa binti yake. Siku ya kuagana alinipa wembe mpya, bado uko ndani ya karatasi yake, akasema, "Kuko wachoraji mingi. Watembezaji ni kidogo." Mimi nilikaa nyumbani kwa muda, nikishona, kazi ambayo sikuiweza, mpaka nikasikia kwamba idara ya hesabu chuoni inatafuta mtu wa kuchora michoro ya vitabu vya wanafunzi. Nilikwenda. Profesa Mbuyi, aliyenipokea, alitazama ramani zangu za mgodini, akasema hapa hakuna mtu atakayekufa kwa sababu ya mshale. Nilimwambia hiyo ni habari njema.

Sikujua kundi la hesabu ni kitu gani. Profesa alikuwa na msalaba mdogo wa shaba mezani, ule wa kizamani wa kwetu unaofanana na herufi X, mrefu kidogo kuliko upana wake, na aliutumia kuzuia karatasi zisipeperuke.

"Mama Kabange, funga macho kidogo," akasema.

Nikafumba. Nilipofumbua, msalaba ulikuwa palepale.

"Nimefanya nini?"

"Siyue, Profesa. Inabakia vile ilikuwa."

"Njo ile. Kila mwendo yenye inaacha kintu vile ilikuwa, tunaiweka mu kundi."

Akanionyesha. Unaweza kuuacha kama ulivyo. Unaweza kuuzungusha nusu. Unaweza kuupindua kwa urefu wake, au kwa upana wake. Ni hayo tu, na ukifanya mwendo mmoja kisha mwingine, unapata mmojawapo wa hayohayo. Kila mwendo unakuwa kituo; kisha unachagua mienendo michache iwe aina za njia, na kutoka kila kituo inatoka njia moja ya kila aina, yenye mshale. Mimi niliona ramani. Ramani ndogo, haina matope wala maji ya chini, lakini ni ramani. Nilichora vituo na mishale, kisha nikamwomba Profesa aweke kidole.

"Juu ya nini?" akauliza, yaani kwa nini.

"Ili unitembezee."

Alicheka, lakini alitembeza. Tangu siku ile michoro yote ya idara ilikuwa na herufi mbili pembeni, na wanafunzi walidhani ni alama za hesabu.

Makundi madogo ni matamu kuyachora. Makubwa ni mateso. Mienendo ya mchemraba ilinikalisha mezani mpaka mgongo ukagoma: mishale inapishana kama njia za mtaa wa Kenya hapa mjini siku ya soko, na ukikosea mmoja huujui mpaka kidole kipotee. Nilikwangua sehemu moja hadi karatasi ikatoboka, nikaanza upya na karatasi nyingine.

Kisha kompyuta ikaja. Nilitegemea nitachora juu ya kioo kwa mkono. Kumbe programu waliyotuletea haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa dirisha jeusi na alama inayowakawaka ikisubiri. Unaandika mstari mmoja: jina la programu, jina la kundi, aina ya picha, rangi za mishale, jina la faili. Unabonyeza, na picha inatoka. Nilimkumbuka baba na telegrafu yake. Hakuna salamu, hakuna "tafadhali", na ukikosea herufi moja inakujibu kwa ukali kwamba haikuelewi.

Iliniuma, sitaficha. Kazi ya siku nyingi za wino ilitoka kabla sijavaa miwani yangu. Nilikaa mbele ya dirisha lile nikajiona mzee kuliko nilivyokuwa. Halafu nikachapisha picha ya kwanza, nikaweka kidole, na nikagundua kwamba programu haikosei lakini anayeandika anakosea: namba moja ikibadilika unapewa kundi lingine kabisa, zuri, safi, na siyo lile uliloomba. Basi kidole changu kilikuwa bado na kazi. Nikatulia.

Mambo machache kwa ninyi mnaobaki. Msianze asubuhi na kundi kubwa, anzeni na msalaba wa shaba. Ukitoka sawa, programu imeamka vizuri. Mstari mlioandika uhifadhini kando ya picha yake, msitegemee kumbukumbu. Msiamini rangi, kwa sababu mashine ya fotokopi ya pale chini inakunywa rangi zote na kutapika kijivu. Njia moja iwe mstari mzima, nyingine ya vipande vipande. Na majina ya vituo yaandikwe makubwa. Maprofesa wana macho mabovu na hawakubali.

Sasa Ngalula. Mlimkuta akiwa tayari mwenzetu, lakini alikuja kwangu akiwa mwanafunzi, binti wa familia ya Kasai inayoishi mtaa huohuo wa Kenya, mama yake anauza vitenge sokoni. Kazi yake ya kumaliza masomo, mémoire yake, ilihusu makundi madogo yote, na mwishoni mwake, kwenye kiambatisho tunachokiita annexe, aliweka picha moja kwa kila kundi. Profesa Mbuyi, aliyemsimamia, alichagua aina ya picha tunayoiita ya mizunguko. Kila mwendo unarudiwa peke yake mpaka urudi nyumbani, na mzunguko wake unachorwa kama jani la ua. Ni picha nyepesi, na hata ile fotokopi inaiweza.

Ngalula aliandika mistari, mimi nikatembeza. Tulikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho, nikaona kurasa mbili zinazofuatana zina ua lilelile.

"Ngalula, ulichapisha ukurasa moya mara mbili."

Akafungua mistari aliyoihifadhi. Majina ya makundi yalikuwa tofauti. Akaandika upya, akabonyeza, ua lilelile. Nikatembeza kila moja polepole, jedwali lake liko kando, yeye anataja, kidole kinafika. Zote mbili zilikuwa sahihi. Makundi mawili tofauti, picha moja. Ngalula alisoma kwenye vitabu vyake akakuta kwamba hutokea hivyo, na kwamba hayo mawili ndiyo ya kwanza kufanya mchezo huo. Aliandika maelezo yake kwenye sura ya katikati ya mémoire. Lakini annexe ilimtia woga.

"Mama, kuko neno moya naweza kuongeza mu mustari," akaniambia. "Programme itageuza picha moya ku upande. Bataona ni tofauti. Hakuna muntu ataniuliza."

"Na njia zitakuwa tofauti?"

"Hapana. Ni paka ku macho tu."

"Basi unageuza juu ya nini?"

"Juu ya woga, Mama."

Profesa Mbuyi alikuwa mbali, amekwenda kutibiwa, na siku ya kukabidhi kazi ilikuwa imefika. Ningeweza kumwambia ageuze. Nilimwambia aache zilivyo, tukaandika pembeni N na K, kwenye kurasa zote mbili, na akapeleka.

Baada ya muda ikaja barua. Msomaji wa nje wa jopo la watahini, yaani juri, Profesa Tambwe, mhandisi wa kitivo kingine, alikuwa ameanza kusoma kwa nyuma, kama wahandisi wengi wanavyofanya. Aliandika kwamba mwanafunzi ameweka mchoro mmoja chini ya majina mawili, kwamba hilo ni udanganyifu, na kwamba asipoweza kujieleza siku ya utetezi, atakapoitetea kazi yake mbele ya juri, kazi itakataliwa na mwanafunzi mwenyewe ataitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Kila mtu chuoni alijua maana yake. Anayeitwa kule kwa udanganyifu harudi darasani.

Ngalula alinisomea barua ile amesimama. Hakunilaumu. Ingekuwa heri anilaumu.

Aliyekuja ni mama yake. Alinikuta ofisini, amevaa kitenge kipya, akakaa kwenye kiti bila kuegemea.

"Mama Kabange, mutoto anasema ni weye njo ulimuambia asigeuze."

"Njo miye."

"Kama aligeuza, hii barua haingekuya?"

"Haingekuya."

Aliitazama kompyuta, kana kwamba ndiyo yenye kesi.

"Basi ile siku utakuwa pale," akasema.

"Nitakuwa pale."

Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya kwanza mbele ya Papa Mwamba. Yule angenirudisha kwenye wembe. Huyu binti hakuwa na wembe wa kukwangua jina lake. Nikamwambia achore kwa programu aina ya pili ya picha kwa makundi yale mawili, ile ya vituo na mishale, na aiweke tayari kuonyeshwa ukutani kwa projekta. Alifanya. Nikatembeza, na mara ya kwanza tangu barua ile nilipumua.

Siku ya utetezi ilifika. Profesa Mbuyi alikuwa amerudi, amekonda, suti inampwaya. Profesa Tambwe alikuwa mrefu, mpole wa sauti, na mbele yake mémoire ilikuwa imefunguliwa kwenye kurasa zile mbili. Ngalula alisema utangulizi wake kwa Kifaransa safi, akageuka aonyeshe picha ukutani, na umeme ukakatika.

Tukasubiri. Hapa mjini tunajua kusubiri umeme, na tunajua pia wakati ambapo haufai kusubiriwa. Chumba kilikuwa na dirisha moja dogo. Profesa Tambwe akafunga mémoire na kusema kwamba labda tuahirishe. Nilimwona mama yake Ngalula kwenye benchi la nyuma anaanza kukusanya kitenge chake.

Ngalula akanitazama. Kisha akachukua chaki kwenye ubao, nyeupe na ya njano, akasema, "Ba Profesa, tafadhali, tuende ku korido. Kule kuko mwanga."

Walimfuata, nadhani kwa mshangao. Akapiga magoti juu ya saruji na nguo yake ya utetezi, akaanza kuchora. Nilimfuata nikichunguza kila mshale. Mchoro wa kwanza: duara la vituo vinane nje, duara lingine la vinane ndani. Mishale myeupe inazunguka kila duara, kituo kwa kituo. Mistari ya njano inaunganisha kila kituo cha nje na mwenzake wa ndani. Kando yake akachora mchoro wa pili, uleule, isipokuwa duara la ndani: pale mshale mweupe hauendi kwenye kituo kinachofuata, unaruka na kutua kwenye cha tano mbele yake.

"Nani atatembeza?" nikauliza. Ilinitoka tu, kwa mazoea.

"Ba Profesa babili," akajibu Ngalula. "Banaanza pamoya, ku kituo moya."

Profesa Mbuyi aliingia kwenye mchoro wa kwanza bila kuombwa mara mbili. Profesa Tambwe alisita, akatazama viatu vyake, akaingia.

"Profesa Tambwe, weye unafuata nyeupe, kisha njano. Profesa Mbuyi, njano, kisha nyeupe."

Wakatembea. Mmoja alizunguka kidogo nje kisha akaingia ndani, mwingine aliingia ndani kisha akazunguka. Wakafika kituo kimoja, wakagongana mabega. Profesa Mbuyi akaomba radhi.

"Sasa ku mchoro ya pili. Paka vile vile."

Wakaanza tena pamoja. Profesa Tambwe akafuata nyeupe, kisha njano, akasimama. Profesa Mbuyi akafuata njano, akaingia ndani, kisha mshale mweupe ukamrusha mbali, naye akaufuata taratibu kwa sababu ya ugonjwa wake. Alipofika akageuka. Walikuwa wamesimama pande mbili za duara, uso kwa uso, na katikati yao saruji tupu.

Profesa Tambwe alitazama miguu yake, akatazama mishale, akamtazama mwenzake kule ng'ambo.

"Turudie," akasema. "Ku kituo ingine."

Wakarudia. Waliachana tena vilevile.

"Picha ya ku annexe inaonyesha kila moya anatembea peke yake," Ngalula akasema. "Mu haya makundi mbili, kila moya akiwa peke yake, ni sawa kabisa. Tofauti inatoka paka tu wakati babili banachanganya njia. Njo maana sikugeuza picha. Ingekuwa bongo."

Kwetu bongo ni uongo, na neno hilo alilisema akimtazama Profesa Tambwe. Profesa Tambwe alitoka kwenye duara akiruka mistari, asiifute.

"Mademoiselle," akasema, "utaongeza phrase moya chini ya zile kurasa, ili ba ingénieur basikuandikie barua."

Tulirudi ndani, wakaendelea na maswali mengine gizani, na Ngalula akafaulu. Mama yake alinishika mkono mpaka nje kwenye ngazi, akaenda zake sokoni.

Mnajua yaliyofuata: Ngalula alibaki idarani, akaanza kuandika mistari yake kwenye dirisha jeusi, mimi nikawa natembeza. Miaka ikapita hivyo, kidole changu kikaanza kutetemeka, na mtembezaji mwenye kidole kinachotetemeka anafika vituo viwili kwa mara moja.

Wiki yangu ya mwisho, Profesa Tambwe aliingia ofisini na karatasi ndefu imekunjwa chini ya kwapa. Ilikuwa ramani yake ya mabomba ya maji ya bweni la wanafunzi, ameichora kwa mkono juu ya kalke, maana wahandisi wa umri wake bado wanaamini mkono.

"Mama Kabange, najua munatembezaka," akasema. "Unitembezee hii."

Nilitandaza ile ramani mezani. Harufu ya kalke na wino ilinipanda kichwani. Kisha nikamwita Ngalula, nikampa kiti changu.

Ngalula aliweka kidole kwenye tangi. "Niko wapi, Profesa?"

"Ku réservoir."

"Naenda kushoto. Niko wapi?"

Akamjibu. Kidole kikatembea, yeye akataja, kidole kikatembea tena, na mimi nilisimama nyuma yao mikono mitupu. Karibu na jiko la bweni kidole kikasimama.

Profesa Tambwe aliinama. Alitazama kwa muda mrefu, akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama nina wembe.

Nilikuwa nao, ule wa Papa Mwamba. Bado ulikuwa ndani ya karatasi yake.